KURA YA KIJIJI NA KURA YA JIJI: NANI HUTHIBITISHA?
Mazungumzo kwa wananchi juu ya kuhesabu, kujumlisha na kuthibitisha matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa



Katika visiwa vya Unguja na Pemba, mwananchi anayehitaji barua ya utambulisho, au aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, huenda kwa Sheha. Sheha huyo hakupigiwa kura. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na aliyemteua ndiye awezaye kumwondoa. Upande wa Bara mambo ni mengine. Huko aliye karibu na nafasi hiyo ni Mwenyekiti wa Kijiji, naye hupatikana kwa kura ya siri ya wakaazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, kila baada ya miaka mitano. Kwa kuwa jambo hilo si la kawaida kwa msikilizaji wa visiwani, na kwa kuwa hata huko Bara kwenyewe wengi hupiga kura hiyo bila kujua safari yake baada ya kutumbukia sandukuni, mazungumzo haya yanaifuata kura moja tangu kitongojini hadi ukumbi wa jiji.

Mahali pa kuanzia ni Mwamanyili. Hii ni kata katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, mkoa ambao makao makuu yake yako Bariadi. Mkoa huo na wilaya hiyo vilianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo watu wa Mwamanyili walihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma, watu wa pamba, mpunga na ng'ombe, na wilaya yenyewe inapakana na Ziwa Victoria. Zamani mwananchi wa nchi hiyo aliyekuwa na shida alimwendea mwanangwa, aliyekuwa mkubwa wa eneo chini ya Mtemi. Mamlaka ya watemi yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Tangu hapo shughuli za mwanangwa zimepita katika mikono mingi, na leo sehemu kubwa yake iko kwa Mwenyekiti wa Kijiji na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25.

Wako wanaouona uenyekiti huo kuwa cheo kidogo. Hawajapata kugombania ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti ndiye anayeuongoza mkutano huo. Mahali ambapo mkulima wa pamba na mchungaji wanautazama uwanda mmoja kwa macho mawili tofauti, kumjua aliyeshika uenyekiti kwa haki ni sawa na kujua nani atakuwa na shamba mwakani. Ndiyo sababu hesabu ya kura za kitongoji chenye nyumba chache haina haki ya kufanywa kwa uzembe.

Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa ulifanyika tarehe 14 Desemba 2014, tarehe 24 Novemba 2019 na tarehe 27 Novemba 2024. Novemba katika Simiyu ni mwezi wa kupanda pamba, na mwenye jembe mkononi hana siku ya kupoteza. Katika chaguzi mbili za mwisho vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni.

Hapana budi ifahamike kwanza kwamba uchaguzi huu hautumii Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile la kadi yenye picha. Hutumia orodha yake yenyewe, inayoandikwa upya kitongojini. Kwa uchaguzi wa mwaka 2024 uandikishaji huo ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi tarehe 20 Oktoba. Mwenye kadi ya Tume ambaye hakwenda kujiandikisha katika siku hizo kumi hakuwa mpiga kura wa kijiji, na asiye na kadi aliyejiandikisha alikuwa mpiga kura. Watu wengi wamerudishwa mlangoni mwa kituo kwa kutolijua hilo, wakadhani wamehujumiwa.

Kituo kikishafungwa, kazi inayobaki ni ya hesabu, nayo ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa skuli anaweza kuifuata. Chukuliwa mfano wa kitongoji chenye majina 412 katika orodha. Majina yaliyowekewa alama kwamba wenyewe walifika ni 305. Sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala, na karatasi zinahesabiwa kabla ya kusomwa: 305. Kisha zinasomwa moja moja na kuoneshwa. Mgombea wa kwanza amepata 158, wa pili 139, na zilizoharibika ni 8. Jumla inarudi 305. Hesabu hizo tatu, yaani alama katika orodha, karatasi sandukuni na jumla ya walizopata wagombea pamoja na zilizoharibika, zikilingana, kituo kimefunga vizuri. Matokeo yanaandikwa katika fomu, msimamizi wa kituo anatia saini, na mawakala nao wanatia saini.

Ikiwa huko mbele mtu ataigeuza 139 kuwa 189, ama kwa mwandiko mbaya ama kwa nia mbaya, mshindi atabadilika. Lakini jumla nayo itakuwa 355, hali waliofika ni 305. Fomu itamsuta mwenyewe aliyeigeuza. Huo ndio ulinzi mkubwa wa mpiga kura wa Mwamanyili, nao haugharimu mashine yoyote. Unahitaji watu wawili au watatu walioketi hadi mwisho, kila mmoja akiwa na nakala yake. Wakala anayeondoka jua linapozama kwa kuwa mtu wake ameonekana kuongoza, huwa ameuza alichotumwa kukilinda, hata kama hakupokea senti.

Kura za Mwenyekiti wa Kijiji huwa zimepigwa katika vitongoji vyote vya kijiji, hivyo fomu za vituo hukusanywa kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi, naye huzijumlisha, hutangaza mshindi na kubandika matokeo mahali pa wazi. Hapo ndipo penye neno kuthibitisha. Wengi hulidhania kuwa ni tendo la mkubwa anayekubali au kukataa. Sivyo. Anayethibitisha anashuhudia kwamba fomu zote zimefika, kwamba zinalingana na zilizobandikwa vituoni, na kwamba kujumlisha kumefanywa sawa. Hana kura ya nyongeza wala ruhusa ya kufikiri kwamba wananchi wangechagua vizuri zaidi. Kama ana shaka na kituo, kazi yake ni kurudi katika karatasi za kituo hicho mbele ya wahusika. Mwenye malalamiko juu ya uchaguzi wenyewe anayo njia ya mahakama.

Ugumu unatokana na nani anapewa kazi hiyo. Katika uchaguzi wa vijiji, msimamizi ni Mkurugenzi wa Halmashauri, chini ya kanuni zinazotolewa na Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Katika uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, wakurugenzi hao hao kwa miaka mingi walikuwa wasimamizi kwa niaba ya Tume. Mkurugenzi ni mteule wa Rais. Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Bob Chacha Wangwe, iliamua kwamba kuwatumia wakurugenzi kusimamia uchaguzi kulikwenda kinyume cha Katiba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo. Kisheria jambo lilikwisha. Katika fikra za wapiga kura halikwisha, na si vigumu kuona sababu: mtu akiambiwa kwamba refa ameajiriwa na mmoja wa wachezaji, atautazama kila mpira kwa jicho hilo, hata kama refa huyo ni mwadilifu.

Haki inamtaka msemaji aseme pia kwamba uzembe umepata kuadhibiwa. Katika uchaguzi wa Desemba 2014 vituo vingi vilikosa karatasi za kura, au vililetewa karatasi zilizokosewa, na sehemu kadhaa zilibidi kurudia. Baadhi ya wakurugenzi waliondolewa kazini kwa sababu hiyo kabla ya mwaka kwisha.

Nchi jirani ya Kenya ililifikisha suala hili mbali zaidi. Huko ilibishaniwa kama matokeo ya Rais yaliyotangazwa jimboni ni ya mwisho, au ni ya muda hadi Tume mjini Nairobi iyathibitishe. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Maina Kiai, iliamua kwamba tangazo la jimboni ni la mwisho na kwamba makao makuu hayana mamlaka ya kulibadilisha. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa Rais uliofanyika Agosti, na moja ya sababu ilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Ulipokuja uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya huko iliweka hadharani fomu za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu azijumlishe mwenyewe. Ubishi haukukoma, lakini ulilazimika kutaja namba za vituo, na hayo ni maendeleo.

Wananchi wa visiwa hivi hawahitaji kwenda Kenya kutafuta mfano wa uzito wa kura moja. Mwezi Oktoba 1995, Rais wa Zanzibar alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Kwa tofauti kama hiyo, fomu za vituo vichache tu zaweza kuamua nani ataongoza. Na tarehe 28 Oktoba 2015, siku ya tatu baada ya kura kupigwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi mzima, wakiwamo wawakilishi na madiwani, hali kura za vituo zilikwisha kuhesabiwa na kubandikwa, na baadhi ya washindi walikwisha kutangazwa. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani wakati huo, CUF, kilisusia. Kila mtu ana maoni yake juu ya siku ile. Lililo wazi kwa wote ni kwamba watu waliorudi nyumbani wakiwa wamekwisha kuyasoma matokeo ya kituo chao ukutani waliambiwa kwamba karatasi ile si kitu, na imani ya aina hiyo ikiondoka hairudi kwa uchaguzi mmoja.

Hadi hapa yamesemwa ya kura zilizopigwa. Kuna mlango wa kabla yake, nao ni mwembamba zaidi. Katika Tanzania haiwezekani kugombea bila kudhaminiwa na chama cha siasa, iwe ni Urais, Ubunge, Udiwani au uenyekiti wa kitongoji. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa karibu miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba. Mahakama Kuu ikampa haki tena mwaka 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki zake. Sheria haikubadilika.

Kwa hiyo kura za maoni, zile zinazopigwa ndani ya chama kumpata mgombea, ni uchaguzi wa kwanza hasa, na katika kata ambayo chama kimoja kina nguvu kuliko vingine vyote ndio uchaguzi wenyewe. Hata hivyo kura hizo haziongozwi na Tume wala na Waziri. Huongozwa na kanuni za chama. Huko Marekani, uchaguzi wa namna hii katika majimbo mengi huendeshwa na ofisi za umma, na matokeo yake huthibitishwa kwa sheria kama ya uchaguzi mwingine wowote. Aliyeongoza ndiye mgombea. Kwetu kura za maoni ni maoni kweli, kama jina lenyewe linavyosema. Mwezi Julai 2020 Chama Cha Mapinduzi kilihesabu kura za wajumbe hadharani, karatasi moja moja ikioneshwa, na wananchi wengi walilisifu jambo hilo kwa haki. Mwezi uliofuata vikao vya juu viliteua wagombea, na katika majimbo kadhaa aliyeteuliwa hakuwa aliyeongoza. Katika jimbo la Kawe, Dar es Salaam, Askofu Josephat Gwajima hakuongoza kura za wajumbe, lakini ndiye aliyeteuliwa, akagombea na kushinda. Chama kilikuwa katika haki yake kwa mujibu wa kanuni zake. Lakini mwanachama aliyezishuhudia karatasi zile zikihesabiwa amebaki na swali la haki pia: zilihesabiwa ili iwe nini?

Baada ya mlango wa chama upo wa uteuzi, anapokaa Msimamizi Msaidizi na fomu za wagombea. Mwaka 2019 wagombea wengi wa vyama vya upinzani nchini walienguliwa katika hatua hiyo, wengi kwa makosa ya kujaza fomu. Mwanzoni mwa Novemba CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vilitangaza kujitoa. CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, vingi vikiwa bila kupingwa, maana yake bila sanduku kufunguliwa. Mwaka 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakasikika tena, na takwimu iliyotangazwa kwa wenyeviti wa vijiji ilikuwa asilimia 99.01. Hesabu nzuri ya kituo, ile ya 305, haiwezi kumsaidia mtu ambaye jina lake halikufika katika karatasi. Mwenye kuthibitisha matokeo na mwenye kuthibitisha fomu za uteuzi ni ofisi ile ile, na uangalifu unaotakiwa jioni ya kura unatakiwa pia asubuhi ya kupokea fomu. Kosa la herufi katika jina la kijiji lingefaa kusahihishwa mezani, mbele ya mgombea, na si kuwa sababu ya kumnyima watu 400 haki ya kuchagua.

Sasa kura ya jiji. Msikilizaji wa kijijini hudhani kwamba Meya huchaguliwa na wakaazi wote wa jiji. Hapana. Wakaazi huchagua Madiwani wa kata zao, na Madiwani, pamoja na Wabunge walio wajumbe wa baraza, ndio wanaomchagua Meya katika ukumbi. Ndivyo alivyopatikana Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mashuhuri, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, mwaka 1960.

Uchaguzi wa namna hiyo una wapiga kura wachache, hivyo ugomvi wake si wa kuhesabu. Ni wa nani ameandikwa kuwa mjumbe. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2015, vyama vya upinzani vilivyoungana katika UKAWA vilikuwa na wajumbe wengi zaidi katika Baraza la Jiji la Dar es Salaam. Uchaguzi wa Meya uliahirishwa zaidi ya mara moja. Siku moja mwezi Februari 2016 ulivunjika kwa madai ya zuio la mahakama, na ukumbi ukajaa vurugu. Ulipofanyika hatimaye tarehe 22 Machi 2016, Isaya Mwita wa CHADEMA alipata kura 84 dhidi ya 67 za mshindani wake wa CCM. Ilichukua dakika chache kuhesabu kilichosubiriwa kwa miezi mitano. Mwezi Januari 2020 baraza lilipiga kura ya kumwondoa, na ubishi wa siku ile ukarudi pale pale: kama idadi ya wajumbe waliotakiwa ilitimia. Mwezi Februari 2021 baraza lenyewe lilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam.

Hapo kijiji kinaizidi elimu jiji. Katika Mwamanyili orodha ya wapiga kura hubandikwa kabla ya siku ya kura ili mwenye pingamizi aseme mapema, ama kwamba fulani si mkaazi, ama kwamba fulani ameachwa. Katika ukumbi wa jiji, orodha ya wajumbe imekuwa ikibishaniwa kura zikiwa mlangoni. Hakuna sababu ya maana ya kutoibandika nayo siku kadhaa kabla, ikiwa na jina la kila mjumbe na kifungu cha sheria kinachompa kiti.

Kuhusu mbele, Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Na. 2 ya mwaka 2024, imetaja uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa miongoni mwa kazi za Tume, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Sheria hiyo nyingine haikuwa imetungwa ulipofika uchaguzi wa Novemba 2024, na uchaguzi ukaendeshwa na Wizara kama zamani. Kwa hesabu ya miaka mitano, zamu ifuatayo ya vijiji itakuwa mwaka 2029. Atakayeketi mezani Mwamanyili siku hiyo, akiwa ametumwa na Waziri au ametumwa na Tume, atakuwa na orodha ya kitongoji, sanduku moja na fomu ya kujazwa, na mawakala wanaosubiri nakala zao.